Viti Vitatu vya Filamu: Nani Anakaa Wapi?

Mhariri aliniomba niwaandikie somo la umeme, kwa kuwa ndiyo fani yangu. Nikamwambia mambo ya umeme wengine wetu tunayapata darasani hadi yanatutokea puani. Safari hii naomba kusema juu ya watu ambao sura zao hatuzioni kwenye mabango ya filamu wala kwenye televisheni, lakini ndio wanaoamua filamu ipi ipate pesa, ipi ionyeshwe na ipi ipewe kombe. Nazungumzia viongozi wa vyombo vya filamu na televisheni: wenyeviti, makatibu watendaji, wakurugenzi wa matamasha, magavana wa akademi.

Mtaniuliza, wewe fundi umeme filamu zinakuhusu nini? Zinanihusu, na wewe zinakuhusu. Hapa Dallas–Fort Worth na kule Houston vijana wetu wanaoshika kamera wanazidi kuongezeka. Rafiki yangu mmoja wa Houston alitengeneza filamu fupi kwa Kiswahili, akiigiza shangazi yake mwenyewe, na ni nzuri kwelikweli. Siku moja akapokea barua: hongera, umeteuliwa kuwania tuzo. Alivyosoma mpaka chini akakuta kwamba ili aendelee kuwa mteule anatakiwa anunue meza nzima ya wageni. Aliponunua, akapewa tuzo. Mwenyekiti wa tuzo zile ndiye aliyekuwa jaji, ndiye mtunza fedha, na usiku wenyewe ndiye aliyeshika kipaza sauti. Rafiki yangu ana kombe kabatini na hajui kama filamu yake ni nzuri au mbaya. Alinambia hivi: "Kaka, ningejua ningenunua lenzi."

Basi somo la leo ni la viti. Katika nchi yoyote yenye filamu kuna viti vitatu vya uongozi. Cha kwanza ni kiti cha mfuko: anayekaa hapo anagawa pesa, anavutia watengenezaji, anatafuta punguzo la kodi. Cha pili ni kiti cha mkasi: huyu anapanga umri wa watazamaji, anatoa vibali, anapiga marufuku. Cha tatu ni kiti cha kombe: huyu anaandaa tamasha au tuzo na kusema kazi ipi ni bora. Nitakalowaonyesha ni kwamba ukitaka kumjua kiongozi wa filamu, usianze na hotuba zake. Angalia kwanza amekalia viti vingapi.

Wale waliokulia uswahilini Dar watakumbuka nyumba za kupanga zenye mita moja. Mwenye nyumba ndiye anayesoma mita, ndiye anayegawa bili, na usipolipa ndiye anayekata umeme. Ukisema mita inadanganya, unamlalamikia nani? Yeye huyohuyo. Anaweza kuwa mzee mwema kabisa, mcha Mungu. Tatizo haliko kwenye wema wake.

TUANZIE HAPA TULIPO

Wengi wetu tunaoishi Carrollton tunadhani televisheni ya Marekani inatengenezwa California na New York tu. Mnamkumbuka Barney, yule dinosaria wa zambarau ambaye wadogo zetu walikuwa wanamwimba? Ni mtoto wa huku huku. Alibuniwa na mama mmoja, Sheryl Leach, na akaanza kuonekana kwenye televisheni ya PBS mwaka 1992. Kipindi kilirekodiwa Allen, kikahamia studio za Las Colinas kule Irving, na miaka yake ya mwisho kilirekodiwa hapahapa Carrollton. Unapopanda treni ya Denton pale Trinity Mills, ujue upo kwenye mji ambao umewahi kulea watoto wa nusu ya dunia kwa nyimbo.

Sasa, kwa kuwa televisheni inatengenezwa kila mahali, na uongozi wa sanaa yake umegawanywa kwa mikoa. Historia yake ina utamu kwa sisi mafundi. Mwaka 1946 huko Los Angeles mtu mmoja aitwaye Syd Cassyd aliwakusanya wenzake wachache wakaanzisha Akademi ya Televisheni. Wakati huo televisheni yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba chache mno. Rais wao wa kwanza alikuwa Edgar Bergen, mchekeshaji aliyejulikana kwa kuongea na kikaragosi. Lakini rais wa tatu, Harry Lubcke, alikuwa mhandisi wa televisheni! Ndiye aliyependekeza jina la tuzo. Ndani ya kamera za zamani kulikuwa na vali ya kioo iliyogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme, na mafundi walikuwa wanaiita kwa utani "immy". Wakaligeuza kidogo likawa Emmy. Sanamu yake nayo ilichorwa na mhandisi mwingine, Louis McManus, aliyemtumia mke wake kama kielelezo: mwanamke mwenye mabawa aliyeshika atomu. Mabawa ni sanaa, atomu ni sayansi. Tuzo za kwanza zilitolewa Januari 1949. Kwa hiyo mtu akikwambia uhandisi na sanaa ni maji na mafuta, mwonyeshe picha ya Emmy.

Mwaka 1955 ikaanzishwa Akademi ya Taifa ya Sanaa na Sayansi za Televisheni, yenye makao New York. Mwaka 1977 zile akademi mbili zikagombana na kugawana mali kama ndugu wa urithi: ile ya Hollywood ikabaki na tuzo za vipindi vya jioni, ya New York ikachukua za mchana, za habari, za michezo na za mikoa. Hizi za mikoa ndizo zinazotuhusu. Nchi imegawanywa matawi, na sisi wa Dallas, Houston, Austin na San Antonio tuko chini ya tawi la Lone Star, yaani tawi la Texas.

Nani wanaongoza tawi kama hilo? Watu wa kawaida wa kazi: wapiga picha, wahariri, watayarishaji wa habari, watangazaji, walimu wa vyuo. Wanachama wanalipa ada na kuchagua Bodi ya Magavana, na magavana hawa wanafanya kazi hiyo kwa kujitolea, huku wana ajira zao kwenye vituo na studio. Hapa unaweza kusema: sasa si wanapeana tuzo wenyewe kwa wenyewe? Swali zuri. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kazi ya Texas haihukumiwi na Texas. Video zinazoshindania tuzo za tawi letu zinapelekwa kwa majaji wa matawi mengine, watu wa fani ileile: mhariri anahukumiwa na wahariri, mpiga picha na wapiga picha, wasiomjua na wasiofanya naye kazi. Na zamu ya wengine ikifika, watu wa Texas wanawahukumu wao. Zaidi ya hapo, kazi haishindanishwi na jirani yake. Inapimwa peke yake kwa kiwango, kwa hiyo kundi moja linaweza kutoa washindi wawili au watatu, na kundi jingine lisitoe hata mmoja. Gavana wa tawi anaweza kukuandalia ukumbi, akakukaribisha kwa tabasamu na kukupa mkono, lakini kura ya kazi yako haiko mfukoni mwake. Hata akikuchukia.

Sisemi mfumo huu hauna dosari. Kuingiza kazi kunalipiwa, uanachama unalipiwa, na kituo kikubwa chenye bajeti kinaingiza kazi nyingi kuliko kijana mwenye kamera moja. Lakini mita na mwenye nyumba wametenganishwa.

GAVANA, MFUKO NA PANGA

Msije mkadhani Texas ni peponi. Kiti cha mfuko hapa kinakaliwa na Tume ya Filamu ya Texas, iliyoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Gavana Preston Smith, na mpaka leo imo ndani ya ofisi ya gavana. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa kijana Warren Skaaren, na huyu bwana ni mfano mzuri wa kiongozi anayetoka kwenye kiti kabla kiti hakijamla. Alijenga ofisi, akaondoka baada ya miaka michache, akaja kuwa mwandishi wa filamu; jina lake limo kwenye Beetlejuice ya 1988 na Batman ya 1989.

Mwaka 2007 serikali ya Texas ilianza kutia fedha kwenye mpango wa kurudishia watengenezaji sehemu ya gharama zao. Ni jambo zuri, lakini ndani ya sheria yake kuna kifungu: tume inaweza kunyima fedha kazi yenye maudhui yasiyofaa au inayowaonyesha Texas na watu wake kwa ubaya. Umeona? Mkasi umefichwa ndani ya mfuko. Desemba 2010 filamu ya Machete ya Robert Rodriguez, mtoto wa Texas mwenyewe, iliyorekodiwa Texas, yenye hadithi ya mhamiaji wa Mexico na mwanasiasa anayechukia wahamiaji, ilinyimwa fedha hizo. Waliohusika na filamu walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Nani alikosea hapo? Wapo watakaosema pesa ni ya walipa kodi, mwenye pesa ana haki ya kuchagua. Hoja hiyo naielewa. Ila tofauti ni hii: Machete ilikosa pesa, lakini ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema kote Texas na watu wakainunua. Mwenye mfuko alikuwa na kamkasi kadogo, hakuwa na mkasi mkubwa. Mwaka 2025 bunge la Texas likaongeza mfuko huo hadi dola milioni 300 kwa kila miaka miwili, kwa miaka kumi. Pesa zikiwa nyingi kiasi hicho, hata kamkasi kadogo kanauma, maana kila mwandishi atajikata mwenyewe kabla hajapeleka maombi.

SASA TWENDE NYUMBANI

Huku kwetu viti vilianza vikiwa kimoja. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968 ikiwa mali ya serikali, na mwaka 1976 ikatungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4, ambayo ndiyo mama wa Bodi ya Filamu ya leo. Sheria ile ilizaliwa na mkasi mkononi: vibali, ukaguzi, madaraja. Joyce Fissoo, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Bodi miaka ile Bongo Movie ilipochemka, alirithi sheria ya zama za filamu za mikanda huku mtaani watu wanauza DVD kwenye mikokoteni. Baada yake akaja Dkt. Kiagho Kilonzo, na mwaka 2021 Bodi ikaanza kuandaa tamasha na tuzo za filamu za taifa. Nawapongeza kwa kuona kwamba wasanii hawawezi kukutana na serikali siku ya kukatwa tu. Hata hivyo, hesabu viti. Ofisi inayotoa kibali na kuamua daraja la filamu yako ndiyo inayokualika kwenye zulia jekundu. Mwongozaji mwenye akili atakuwa mpole mara mbili.

Uganda nako vilevile. Tamasha la Filamu la Uganda lilianzishwa mwaka 2013 na Tume ya Mawasiliano, wakati mkurugenzi mtendaji wake akiwa Godfrey Mutabazi, mhandisi kama mimi. Tume ileile inayosimamia leseni za redio, televisheni na masafa ndiyo ikawa inagawa makombe ya filamu. Tamasha limewasaidia vijana wengi wa Kampala, hilo siwezi kulikana, na pengine pasingekuwa na tume pasingekuwa na tamasha. Lakini swali la mita linabaki palepale.

Kenya walikwenda mbali zaidi katika kugawa. Bodi ya kupanga madaraja, yenye mkasi, ipo kivyake. Tume ya Filamu ya Kenya, yenye mfuko, iliundwa mwaka 2005, na tangu 2009 ina tuzo zake za Kalasha. Kwa hiyo mfuko na kombe viko nyumba moja, mkasi uko nyumba nyingine. Ugawaji huu ulipimwa hadharani mwaka 2018, na kisa chake kila mwanafunzi wa filamu anapaswa kukijua.

Mwongozaji Wanuri Kahiu alitengeneza filamu ya Rafiki, hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Ikachaguliwa kuonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Mwezi Aprili, kabla ya Cannes, bodi ya madaraja ikaipiga marufuku Kenya nzima. Mkuu wa bodi wakati huo, tangu 2015 hadi 2021, alikuwa Ezekiel Mutua, aliyetokea kwenye uandishi wa habari na ofisi za habari za serikali. Bwana Mutua hakuwa mtu wa kujificha. Magazetini alionekana kuliko waigizaji wengi. Wapo Wakenya waliomshangilia kama mlinzi wa maadili na wapo waliomwona kama polisi wa ndoto za watu. Mimi na wewe tunaweza kuwa na maoni tofauti kuhusu filamu ile, na hapa si mahali pa kuyamaliza.

Tuangalie viti. Ili filamu ishindanie Oscar kama mwakilishi wa nchi, ilibidi iwe imeonyeshwa nyumbani siku saba mfululizo kabla ya mwisho wa Septemba. Filamu iliyopigwa marufuku nyumbani haiwezi. Kahiu akaenda Mahakama Kuu, na Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku saba. Jumba la sinema Nairobi likajaa hadi watu wakakosa viti. Kisha kamati ya uteuzi ya Kenya ikakaa, ikachagua filamu nyingine kabisa: Supa Modo ya Likarion Wainaina, hadithi ya mtoto mgonjwa anayeota kuwa shujaa. Filamu nzuri sana, itafuteni. Mwaka 2020 Mahakama Kuu, kwa jaji mwingine, ikakataa kuiondoa ile marufuku.

Wengine wanasema Kahiu alishindwa. Kwa macho ya fundi naona kitu kingine. Alipokwama kwenye mkasi, palikuwa na mlango wa pili wa kugonga, na uamuzi wa kombe ulifanywa na watu wengine, kwa kazi iliyokuwa mezani. Unaweza kupinga uamuzi wao, lakini unajua ni nani aliamua nini. Kama wote wangekuwa mtu mmoja, barua moja ingetosha kumaliza mambo yote mchana mmoja, na sisi wa Carrollton tusingesikia hata jina la filamu.

ZANZIBAR, KITI CHA KOMBE KISICHO NA SERIKALI

Chombo kilichobeba eneo letu lote kwa muda mrefu ni Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, ZIFF, la Nchi za Jahazi. Liliundwa mwaka 1997 na tamasha la kwanza likafanyika 1998. Jina lile lina akili: nchi za jahazi maana yake si mpaka wa Afrika Mashariki uliochorwa Berlin, ni ule uliochorwa na kaskazi na kusi, kuanzia pwani yetu hadi Ghuba, Uajemi na India. Tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Filamu zinaonyeshwa Ngome Kongwe, chini ya nyota, popo wakipita mbele ya mwanga, na zamani pia zilipelekwa vijijini Unguja na Pemba, ambako watu wangeweza kukaa mkekani na kuangalia bure.

Waliokiongoza ni mchanganyiko wa ajabu. Emerson Skeens, Mmarekani mwenye hoteli Mji Mkongwe, alikuwa miongoni mwa waasisi. Alifariki mwaka 2014. Imruh Bakari, mwongozaji aliyezaliwa Saint Kitts na kufanya kazi London katika karakana ya filamu ya Ceddo, alikuwa mkurugenzi kuanzia 1999 hadi 2004. Yusuf Mahmoud, aliyesimamia muziki wa tamasha tangu mwanzo, alitoka akaanzisha Busara, na Februari 2004 Sauti za Busara ya kwanza ikapigwa. Mwaka 2007 akaja Dkt. Martin Mhando, Mtanzania aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Murdoch kule Perth, Australia, akakaa karibu muongo mzima. Baada yake akashika Fabrizio Colombo, Mwitaliano aliyekwisha kufanya kazi ya kuchagua filamu za tamasha hilo.

Mtu mwenye wivu wa kizalendo atauliza: Mmarekani, mtu wa Karibi, Mwitaliano, kwani Zanzibar hakuna watu? Mimi pia liliwahi kunikera. Lakini ukikaa ukafikiri, kiti kile kilikuwa hakina mshahara wa serikali, hakina sheria ya bunge, hakina kodi. Kila mwaka mkurugenzi anaanza upya kutembeza bakuli kwa balozi, mashirika na makampuni. Miaka ya 2010 kampuni ya televisheni ya kulipia ya Zuku ilikuwa mdhamini mkubwa. Kazi ya namna hiyo huvutia watu wenye mitandao ya nje au wenye riziki nyingine. Mzanzibari mwenye watoto shule angeifanyaje? Nadhani hilo ndilo swali la kuuliza, kuliko kuuliza pasipoti.

Nitamsema zaidi Mhando, kwa sababu yeye alijibu swali jingine: je, kiongozi wa chombo cha sanaa awe msanii? Kabla ya kiti alikuwa ameongoza, pamoja na Ron Mulvihill, filamu ya Maangamizi, ambayo Amandina Lihamba aliigiza, na ambayo mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania Oscar. Ilipita miaka 21 kabla ya kupelekwa ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mtu wa namna ya Mhando anajua uchungu wa kutafuta pesa ya filamu. Wakati wake ZIFF ilifungua mlango kwa Bongo Movie, zile filamu za mitaani ambazo wasomi walizicheka. Wapo waliolalamika kwamba ameshusha kiwango cha tamasha. Mimi naona alifanya la maana: ukiwa na kombe na hulionyeshi kwa watu wa kwenu, litapata kutu.

Hatari ya msanii kuwa kiongozi ni kwamba ana marafiki. Ndiyo maana ZIFF, kama matamasha mengi, hutumia jopo la majaji kutoka nje, linaloteuliwa upya kila mwaka. Mkurugenzi anachagua filamu zitakazoingia, jaji anachagua itakayoshinda. Mlango na mzani vimetengana.

Ngazi ya bara tuna Shirikisho la Wanasinema wa Afrika, FEPACI, lenye mizizi kwenye mikutano ya mwaka 1969 na 1970, zama za Sembène na wenzake. Mwaka 2013 uongozi wake ulikwenda kwa Cheick Oumar Sissoko wa Mali, aliyewahi kushinda FESPACO mwaka 1995 kwa Guimba na kuwa waziri wa utamaduni wa nchi yake kuanzia 2002 hadi 2007, na makao yakahamia Nairobi. Kwa hiyo kwa kipindi fulani nyumba ya wanasinema wa Afrika nzima ilikuwa hapo mtaani kwetu, na sina hakika wanafunzi wangapi wa Nairobi walikwenda kubisha hodi.

PENGO LILIPO

Tunayo matamasha, tunazo bodi, tunazo tume. Tusichokuwa nacho Afrika Mashariki ni kitu kama tawi la Lone Star: chombo cha wanachama walio kazini, wanaolipa ada ndogo, wanaochagua magavana wao, wenye ukomo wa muda, na kazi zao zinahukumiwa na jirani. Hebu fikirini filamu za Tanzania zikahukumiwa na wahariri wa Nairobi na Kampala, za Kenya zikahukumiwa na Dar na Bukavu, za Rwanda zikahukumiwa na Mombasa. Kiswahili tunacho tayari, gharama ya tafsiri nusu imeshapungua. Intaneti inatosha kupeleka video. Serikali hazihitajiki kutoa senti, zinahitajika tu kutojisogeza kwenye meza ya majaji.

Pingamizi najua. Wabongo watasema Wakenya watatunyima kwa makusudi, Wakenya watasema Kiswahili chetu mtakicheka. Texas na majirani zake nao hawapendani sana, waulizeni watu wa Oklahoma siku ya mpira. Ndiyo maana wanapima kwa kiwango na siyo kwa kushindanisha: jaji akimpa mtu wa Texas alama nzuri, mtu wa kwao hapotezi kitu.

Wakati tunasubiri hayo, wewe mwenye kamera hapa Texas, ukiletewa barua ya uteuzi, uliza mambo haya kabla hujatoa pochi. Majaji ni akina nani, na je wanafanya kazi ya filamu kweli? Mwenyekiti naye ana kura? Ukikataa kununua meza, uteuzi unabaki? Na mwaka jana walishinda watu ambao hawakulipia meza? Usipojibiwa kwa maandishi, nunua lenzi.

Mlio bado shule, matawi ya akademi yana tuzo za kazi za wanafunzi pia, na ZIFF hupokea filamu fupi. Tamasha lake kwa kawaida huangukia katikati ya mwaka, kwa hiyo maombi huanza mapema, msingoje Mei. Walio na filamu fupi za Kiswahili zisizozidi dakika ishirini wampe katibu wa chama. Tumekubaliana na wenzetu wa Houston kwamba za Dallas watazitazama wao na kutuandikia maoni bila kujua majina ya watengenezaji, na za kwao watatuletea sisi. Rafiki yangu wa shangazi yake ameshapeleka.